Mbegu ya Nkambo Haikatwi

Likasi, tarehe 10 mwezi wa tatu 1985

Kwa mutoto wangu Martine,

Nakusalimia mara mingi. Juu ya bahasha niliandika Mwansa, kwani bantu ba posta banataka paka majina ya kwetu tu, lakini humu ndani weye ni Martine, vile padri alikumwangia maji. Baba yako Ambroise anakusalimia, iko muzima, paka mugongo njo inamusumbua akitoka kazi. Mudogo wako Bibiane anakusalimia, anasoma kwa bamasera ba misioni, na mudomo yake imekuwa murefu kushinda njia ya Kambove. Édouard anakusalimia, meno yake ya mbele ilianguka, anasema umuletee ingine ya Ulaya. Mama Berthe wa nyumba ya jirani anakusalimia. Najua haupendi salamu yake, lakini aliituma, minye naandika. Mjomba Casimir wa kule Mulungwishi anakusalimia. Hata ile jogoo mweusi mulikuwa munaita Directeur iko, anapiga kelele na hatumike kazi.

Sisi wote tunaamka juu ya neema ya Mungu. Kama na weye unaamka muzuri, roho yangu inakaa chini.

Martine, nakuandikia juu ya mupunga wa Nkambo, mama yangu alinizaa. Unakumbuka vile ilikuwa: mufupi, ncha nyekundu, shamba yote inaiva siku moja. Toka bantu balileta ile mbegu ingine murefu, mashamba ya bonde yote imechanganyika. Huku inaiva, huku ingali majani. Ndege banakula ya kwanza, mvua inaozesha ya mwisho. Weye ulikuya na likizo, ulisema: Mama, nipe mbegu, nitaitengeneza kule labo ya masomo yangu, itarudi vile ilikuwa ya Nkambo na haitageuka tena. Nilikupa. Nkambo alinipa vile, na mama yake alimupa vile. Mbegu haikatwi. Inatoka kwa mama, inaenda kwa mutoto mwanamuke, na mutoto anarudisha mavuno ya kwanza.

Sasa ni mvua ya pili inapita. Bamama ba kule bonde ya Mulungwishi banaanza kuvuna. Mjomba Casimir, siku ya soko, anakuya hapa, anaketi, anakunywa chai yangu yote, anauliza: «Albertine, mupunga ya mutoto wako inakuya na ndege ao inakuya na miguu?» Nilimujibu inakuya na diploma.

Hapana kuwaza, tunakula. Bunga Baba anapewa kwa kazi iko. Lakini niambie mupunga ilifika wapi. Barua yako ya Noeli ilisema paka juu ya baridi na viatu. Andika mbio, mwanangu. Niko naangalia njia ya posta.

Minye mama yako,
Albertine

*

Ubelgiji, 28 Aprili 1985

Mama yangu mupendwa,

Barua yako ilinifikia nikiwa natoka labo, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi. Msalimie Baba, mwambie ajipake ile dawa ya pilipili. Msalimie Bibiane na mdomo wake. Édouard mwambie meno ya hapa yanauzwa ghali. Msalimie Mjomba Casimir, na Mama Berthe pia, kama ni lazima.

Kazi inaendelea. Ni polepole, Mama, kwa sababu siyo kulima kama tunavyolima. Nilipanda mbegu za Nkambo ndani ya nyumba ya vioo ili zinipe maua. Ua la mupunga likiwa bado limefungwa, nalifungua kwa kibano kidogo kuliko cha kutolea mwiba, natoa ndani yake ule mfuko wa vumbi la kiume, naulaza ndani ya chupa juu ya chakula laini chenye sukari na chumvi. Vumbi linavimba, linakuwa donge, donge linatoa majani. Mumea unaozaliwa namna hiyo una sura moja ndani na nje. Watoto wake wote watafanana, na watoto wa watoto. Ndivyo nilivyokuahidi, na ndivyo nafanya.

Lakini kuna ugumu wa hapa na pale. Usinisumbukie. Mwalimu wangu mkubwa ni mtu wa kusema maneno machache, na machache hayo siku hizi si matamu. Itapita.

Mama, naona kila barua unauliza jambo moja. Mbona una haraka hivi? Shamba unalo, la kula unalo. Hata ukivuna mchanganyiko mwaka huu, niwekee konzi moja, nikija nionje wali wa kwetu. Wa hapa unanuka karatasi.

Mtoto wako,
Martine

*

Likasi, tarehe 16 mwezi wa sita 1985

Kwa Martine,

Nakusalimia. Bote banakusalimia vile nilikuandikia mara ingine, hapana hata moja alikufa, basi siwezi kuanza kubaita tena moja moja, juu niko na kitu inanikaba.

Minye nilikuuliza mupunga iko wapi, weye unaniambia sukari na chumvi. Nilisoma barua yako mara tatu, nilifuata na kidole, nikazani ni macho yangu. Macho yangu haina makosa. Ni weye hauseme.

Masera Adrienne, ule anafundisha Bibiane, alirudi kutoka Ulaya, ile dawa yake ya mafigo iliisha. Anasema alikuya kukuona, na ulimuonyesha chumba yako ya machupa. Nashukuru ulimupa kahawa. Sasa siku ya Mungu, nyuma ya misa, bamama bote tumesimama pale mulangoni, akaniambia na sauti yake ile ya kufundisha katekismu: «Mama Albertine, mutoto wako anatumika sana, lakini ile mimea, maskini, yote ni mweupe kama mushumaa.»

Bamama bote balisikia. Mama Berthe alishika kiuno. Akasema: «Wapi, ni kawaida. Mupunga ya Albertine ilifika kwa bazungu, na yenyewe ikakuwa muzungu.» Balicheka mpaka moja akaketi chini. Na minye nilicheka, juu ukikataa kucheka banacheka zaidi. Nilifika ku nyumba nikapika majani ya sombe bila chumvi, Baba yako akaimwangia chumvi mwenyewe.

Jioni Berthe alikuya kuomba makala ya moto, akarudisha tena ile maneno, lakini pole pole, kama vile anasikia huruma: mbegu ya bazee ilichoka, damu yake iliisha, njo maana inazaa bintu ya mweupe. Huruma ya Berthe inauma kushinda kicheko yake.

Sasa niambie weye mwenyewe, hapana Masera, hapana Berthe. Ni kweli iko mweupe? Na kama ni kweli, kosa ni ya nani? Ni mikono yako, ni chakula ya ile machupa, ao ni mbegu yangu? Nkambo alitulisha na ile mbegu mwaka ya njaa. Baba yako hapana kazi bado, weye uko mu mugongo wangu. Kama mbegu yangu iko na kosa, niambie. Lakini hapana kuniacha nasikia kwa mulango ya kanisa.

Jibu mbio.

Mama yako Albertine

*

Ubelgiji, 21 Julai 1985

Mama,

Nisamehe. Ni kweli. Ni myeupe.

Sikukuambia kwa sababu kila wiki nilifikiri wiki ijayo nitakuwa na moja ya kijani, nikuandikie habari nzuri. Karibu yote inatoka myeupe kama karatasi. Ndani ya chupa inaishi, inakunywa ile sukari, inakuwa mirefu hata. Nikiitoa, nikiiweka kwenye udongo, inalala. Jani likikosa kijani haliwezi kupika chakula chake na jua. Linakula akiba, halafu basi. Ile michache ya kijani iliyotoka, miwili ilikufa kwa ukungu na mmoja haukuzaa hata punje. Mama, nimechoka. Saa zingine naosha chupa na nalia, halafu nazichemsha upya naanza tena.

Unauliza kosa ni la nani. Nilijiuliza hivyo mwaka mzima. Nilibadilisha chakula: weupe. Nilibadilisha taa: weupe. Niliweka maua kwenye baridi kwanza, wengine wanasema inasaidia: madonge mengi zaidi, na yote weupe. Basi si chakula, si mikono yangu. Ni jambo la urithi, la ndani.

Nitakueleza vile naelewa. Kila mumea una urithi mara mbili, nusu ya baba na nusu ya mama. Upande mmoja ukiwa na kasoro, mwingine unaifunika, kama vile mke anavyofunika deni la mume ili watu wasijue. Kasoro inaweza kulala hivyo vizazi na vizazi. Lakini vumbi la ua ni nusu moja tu. Ukiotesha mumea kutoka vumbi peke yake, hakuna wa kufunika. Kila kilichojificha kinatoka nje mchana. Huo ndio uzuri wa kazi hii na ndio ubaya wake.

Na sitakudanganya tena, kwa hiyo nasema na hili: mbegu hazilingani. Kuna mupunga wa Asia tunaoufanyia vile vile hapa, unatoa kijani wengi. Wa Nkambo unatoa weupe kuliko zote zilizo kwenye labo hii. Si kwamba ni mbaya. Shambani ni mzima kabisa. Ni mbaya kwa kazi hii tu. Mwambie Berthe hivyo, au usimwambie, hataelewa na atasema anaelewa.

Mwalimu mkubwa ananipa mpaka mwisho wa mwaka. Baadaye anataka niache wa kwetu nichukue ule wa Asia, nipate cheti changu. Mimi sitaki kuacha. Kwa hiyo nakuomba, Mama, usinisukume. Wewe una mbegu yako pale kwenye kopo juu ya jiko, hakuna kinachopotea. Hata ikichukua miaka mingine mitatu, niache nitafute.

Martine

*

Likasi, tarehe 18 mwezi wa nane 1985

Yaya Martine,

Ni minye mudogo wako Bibiane. Mama hajue kama nakuandikia, na akijua nitalala inje na Directeur.

Bon. Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Mama alisoma, akaikunja, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira, na toka siku ile hagombane tena na mutu. Hata Berthe anauliza kama ni mugonjwa. Basi minye niliichukua, niliisoma. Yaya, weye uko na akili mingi, lakini kuna fasi moja umekuwa mujinga, unisamehe.

Kopo gani? Ile kopo iko juu ya jiko iko na misumari ya Baba.

Mama alikupa mbegu yote. Yote, Yaya. Ile mufuko ulibeba ndani ya valise na ukalalamika ni nzito, ilikuwa yote ya nyumba. Weye uliomba konzi moja, nilikuwa pale, nilikusikia. Lakini mbegu haikatwi, si unajua? Mama akiitoa, anaitoa nzima, na anangoja mutoto amurudishie. Alingoja. Mvua ya kwanza hakupanda. Mvua ya pili hakupanda. Tunakula bukari, ile ugali ya bunga ya kazi, na wali paka kama kuna ndoa kwa bantu.

Nilimuambia: Mama, mwandikie Yaya ukweli. Akajibu: «Mama haombi mbegu alishatoa. Ningeomba, ni kama nimemunyanganya.» Nikasema basi tununue ile murefu sokoni, tupande. Akaniangalia, nikaenda kuosha sahani.

Na haiko paka mupunga. Ile fasi ya bonde ni ya ukoo, Mjomba Casimir njo anaangalia. Sheria yao unaijua: shamba ikilala mvua tatu inapewa mwengine. Fidèle, mutoto wa muke wake mudogo, alishaanza kupita pale na jembe kwenye bega, anapima na macho. Mvua ya tatu ni hii inakuya. Mwezi wa kumi na moja, kama hapana kitu ndani ya udongo, shamba ya Nkambo iliisha.

Mama siku hizi akienda Mulungwishi kusalimia bantu, anazunguka njia ya juu, apite mbali na bonde. Anasema njia ya chini iko na matope. Kwa mwezi wa nane, Yaya, mvua hapana. Matope.

Miaka tatu hatuna. Ona vile utafanya, na ujibu mbio, lakini andika jina ya Édouard juu ya bahasha.

Bibiane

*

Ubelgiji, 22 Septemba 1985

Mama,

Najua sasa. Usimpige Bibiane. Nimekasirika, naandika hivi hivi na hasira yangu. Kwa nini hukuniambia? Nilikuomba konzi moja. Ningejua ni yote ningeirudisha siku ile ile. Nimekaa hapa nakuandikia nionje wali wako, nakuandikia miaka mitatu, na wewe ulishaniandikia hapana kuwaza, tunakula. Mbegu haikatwi, nilikuwa nasikia tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ni methali. Sikujua ni sheria.

Baada ya kusoma nilishuka chini kwenye chumba cha baridi. Hakuna kitu. Mbegu zote za Nkambo nilizipanda kidogo kidogo, mwaka juu ya mwaka, nipate maua. Na maua niliyakata kabla hayajafunguka. Nilikaa kwenye sakafu ile ya baridi nikajiambia: Martine, umemaliza mbegu ya ukoo kwa kibano.

Halafu nikamkumbuka Michel. Huyu ni mzee anayeangalia nyumba ya vioo. Nikishakata maua ninayotaka, mupunga hausimami. Unatoa machipukizi mengine pembeni, yanachanua baadaye, mimi siyaangalii tena, kwangu ni takataka. Michel anayakata na kuyabeba kwake. Anafuga njiwa wa mashindano. Nilienda nyumbani kwake na mvua. Nikamwuliza yale masuke anayapeleka wapi. Akanionyesha njiwa, mmoja mmoja kwa majina, wanene, wanang'aa. «Wanapenda sana kitu chako cha Afrika,» akasema, «wameshinda mara mbili mwaka huu.» Mama, njiwa wa Ubelgiji wamekula mupunga wa Nkambo na wameshinda mashindano.

Lakini darini alikuwa amebakiza magunia mawili madogo ya masuke makavu, ya majira ya baridi. Nilimweleza. Alichukua ngazi.

Nimepukuchua kwa mikono, usiku na mchana imekuwa moja. Nilijaribu kuotesha kidogo kwenye sahani: zinaota, za kijani zote. Ni watoto wa mimea yako ileile, waliozaliwa vile mupunga unazaliwa, na baba na mama. Hawakupita kwenye chupa. Na siyo safi, Mama. Wafupi na warefu wamo, kama ulivyonipa. Kazi niliyokuahidi sikuifanya.

Padri Augustin wa kwetu, aliye masomoni huku, anasafiri mwanzo wa mwezi wa kumi, anashuka Lubumbashi, atakuletea mbegu hizo ndani ya bati.

Na jambo moja la mwisho, kwa sababu uliniuliza kosa ni la nani, na nilikujibu nusu. Ndani ya jani kuna kama majiko ya makaa, babula ndogo ndogo za kijani, ndizo zinapika mwanga wa jua uwe chakula. Hizo babula zina urithi wao wenyewe, pembeni, mbali na ule wa moyo wa mumea. Na kwa mupunga urithi huo unapita kwa mama. Vumbi la kiume halikuumbwa kubeba babula. Zile zilizo ndani yake zinaachwa, zinakatika. Kwa ngano, wengine waliandika mwaka jana kwamba mimea myeupe ya vumbi imepoteza vipande vikubwa vya urithi wa babula zake. Mwezi huu tumeangalia ya kwetu: vile vile. Kasoro ya zamani ya urithi wa moyo iko, ndiyo maana wa Nkambo unazidi wengine. Lakini kubwa ni hili. Mbegu yako haina damu iliyochoka. Ni mimi niliyewalea wale weupe bila upande wako, wa mama.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Martine

*

Likasi, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1985

Kwa mutoto wangu Martine,

Nakusalimia sana. Baba yako Ambroise anakusalimia, alijipaka ile pilipili, akalia, mugongo ilipona ya siku mbili. Édouard anakusalimia, anataka kujua juu ya nini bahasha ilikuwa na jina yake na ndani hapana kitu yake. Bibiane anakusalimia na macho chini. Sikumupiga. Nilimupa kupalilia. Mjomba Casimir hanitume salamu, utasikia juu ya nini. Berthe anakusalimia. Directeur tulimukula, siku nitakuambia.

Martine, nilikasirika na weye, na ningali. Padri Augustin alishuka Lubumbashi, balimushika na ile bati pale kwa uwanja wa ndege, mukubwa moja anataka kujua ni dawa gani. Halafu askofu akamutuma Kolwezi, na akaenda na bati yangu. Minye niko hapa naangalia mawingu. Mvua ya kwanza ilianguka. Ya pili ilianguka. Bantu bote ba bonde beko banapanda, na minye nafagia kiwanja ilishafagiliwa. Mjomba Casimir akakuya. Safari hii hakukunywa chai. Alisimama. Akasema: «Albertine, minye nilingoja. Ukoo haukuli diploma.» Akamupa Fidèle upande wa chini, ule wa maji, fasi Nkambo alikuwa anaanzia. Fidèle akapanda muindi, ile ya kusaga bunga. Muindi, mu maji. Itaoza, na atasema ni minye nilimuloga.

Bati ilifika siku ya tatu nyuma ya ile. Nilifungua. Nilichukua punje moja nikaiuma, nikajua ni yenyewe. Baba yako anauliza unalilia nini tena na mbegu iliisha kufika. Nikamuambia toka hapa.

Tulienda na Bibiane, njia ya chini. Tulipanda ule upande wa juu ulibakia. Mjomba Casimir alikuya, alisimama pale, alihesabu mistari na midomo, akaondoka. Basi ule upande ni yetu. Ule mwengine, nitaona na yeye wakati ile muindi itaoza.

Kuhusu ile umesema haiko safi: nani alikuambia nililala nangojea usafi? Mufupi na murefu, nitabatenganisha minye, kwenye kuvuna, suke na suke, vile Nkambo alikuwa anafanya na macho mabovu. Itachukua miaka. Weye ulisema chupa ni haraka.

Lakini barua yako ya babula, hiyo nilisoma mara mingi. Nilimusomea na Masera Adrienne, juu alinihaibisha mulangoni, basi nilimusomea mulangoni. Berthe alikuwa pale. Nilisema: mutoto wangu aliandika, mbegu yangu haikuchoka. Bale batoto balilelewa kwa baba peke yake, njo maana habana babula. Berthe akasema: «Kumbe hata mupunga. Mwanaume anabeba mutoto na anasahau jiko.» Balicheka, lakini safari hii nilianza minye.

Martine, bale mweupe, najua unabatupa. Hapana kubatupa ndani ya takataka. Bafunike na udongo kidogo, hata ndani ya chungu ya Michel. Balikosa kitu, habakukosea mutu.

Sasa sikia neno yangu, juu njo inanisukuma kuandika. Ile bati, sikuipanda yote. Nilipima na kikombe. Sehemu iko mu udongo. Sehemu iko mu kopo juu ya jiko, misumari ya Baba nilimwanga inje. Na konzi moja nilimupa Bibiane aiweke kwake, mu sanduku yake, bila kuniuliza fasi. Nilikata mbegu. Mama ya mama yangu hakuikata, Nkambo hakuikata, minye nilikata. Nkambo akinikuya mu ndoto na kasirani, nitamuambia: mujukuu wako wa Ulaya alinionyesha, kitu ikibebwa na mutu moja peke yake inazaa mweupe.

Na mwalimu wako mukubwa, kama anakuambia uchukue ule wa Asia, uchukue. Pata cheti yako, rudi. Lakini mwaka unakuya, kama ungali unataka kutafuta, omba. Nitakutumia konzi moja. Moja.

Jibu mbio, kabla Casimir hajakuya tena na miguu yake, na uniambie kama bale mweupe ulibafunika.

Minye mama yako,
Albertine